Jiwe la Kijani Lisilo Zumaridi

MNUNUZI: Haloo? Ni nani?

MCHIMBAJI: Mimi, shemeji. Mume wa dada yako. Habari za dukani?

MNUNUZI: Dukani kuna wateja. Na nikiwa kazini usiniite shemeji, mawe yangu yanashuka thamani. Umeokota nini leo, kigae cha choo?

MCHIMBAJI: Jiwe la kijani. Mwamba mweupe, juu yake vijiwe kama ishirini vimesimama pamoja, kila kimoja—

MNUNUZI: Zumaridi, sivyo?

MCHIMBAJI: Ndicho ninachokuuliza. Jirani yuko hapa na karatasi. Nikisaini, shimo ni lake, na mimi nakwenda kulinda geti la mtu. Miaka minne nachimba. Nimebakiwa na jiwe hili tu.

MNUNUZI: Mwaka jana uliniletea kipande cha chupa. Umekifunga kwenye pamba kabisa.

MCHIMBAJI: Kilikuwa kimesuguliwa na maji.

MNUNUZI: Kilikuwa na herufi. Una kisu?

MCHIMBAJI: Kipo.

MNUNUZI: Kwaruza. Kwa nguvu, usilibembeleze kama mtoto mchanga. Zumaridi halisikii kisu.

(Mkwaruzo. Simu inakoroma.)

MCHIMBAJI: Limekwaruzika.

MNUNUZI: Basi. Saini karatasi ya watu, ukavae sare. Hata geti linataka mtu wa—

MCHIMBAJI: Ngoja. Unga wake ni wa kijani.

MNUNUZI: Na chupa je, si ya kijani?

MCHIMBAJI: Unga wa chupa ni mweupe. Hilo nalijua, ulinicheka siku nzima.

MNUNUZI: Malakiti basi, jiwe la hereni za kupanga chini sokoni. Una ndimu? Ukamulie huo unga. Ukitoa povu ni malakiti, usinipigie tena mpaka mwakani.

(Mtandao unakatika, unarudi.)

MCHIMBAJI: —umesikia? Unga umetulia tuli. Tone lililoangukia mwamba mweupe ndilo linatoa povu.

(Dukani, kiti kinasogezwa.)

MCHIMBAJI: Haloo?

MNUNUZI: Nipo. Hivyo vijiwe vina ncha?

MCHIMBAJI: Vyote. Vifupi, na ukivigeuzia jua vinawaka mpaka ndani.

MNUNUZI: Umekwaruza wapi?

MCHIMBAJI: Kwa nguvu, ulivyosema.

MNUNUZI: Nimekuuliza wapi. Mbele au pembeni?

MCHIMBAJI: Mbona matusi yamekuishia?

MNUNUZI: Shemeji, nijibu, mbele au—

MCHIMBAJI: Pembeni, kijiwe kimoja. Sasa nitajie jina lake.

MNUNUZI: Dioptasi. Labda. Sijaliona, usije ukavimba kichwa. Halifai pete, linapasuka ovyo. Ila kuna watu wana makabati ya vioo, kazi yao kuyatazama tu mawe ya namna hiyo, na wanayatafuta kwa tochi.

MCHIMBAJI: Kumbe.

MNUNUZI: Usivibandue kwenye mwamba. Usivioshe. Usimwonyeshe mtu. Nafunga duka, nakuja.

MCHIMBAJI: Usifunge, si una wateja? Subiri kidogo. Jirani, samahani nimekupotezea asubuhi. Chukua karatasi yako. Sisaini.

MNUNUZI: Vizuri sana. Sasa, kuhusu mimi na wewe—

MCHIMBAJI: Wewe utakuja kuliona hapa hapa shimoni, kwa zamu, pamoja na wanunuzi wengine.

MNUNUZI: Wengine? Umempigia nani?

MCHIMBAJI: Bado. Salio lililobaki kwenye simu ni la kuwapigia. Haya, msalimie mkeo.

MNUNUZI: Shemeji, usikate, nitakupigia mi—

(Simu imekatwa.)