Masinde na Neno "Mbovu"

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima kuta za watu, Bw. Maxwel Masinde anastaafu leo, Jumanne tarehe 30 Juni 2026. Aliingia Afisi ya Daftari la Majengo ya Kale mwaka wa 1995 akiwa na tepu ya kupimia, penseli mbili, na viatu ambavyo, tusidanganyane, bado anavivaa.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Jengo likiwa kwenye Daftari, halibomolewi. Ili liingie, lazima mtu alikague ndani na nje, kisha ajaze fomu. Mtu huyo ni Masinde. Amekagua maduka ya mawe hapa mjini Nakuru, nyumba za wafanyakazi wa reli, maghala ya mbao Elburgon, na kanisa moja Subukia lenye popo wengi kuliko waumini. Hugonga ukuta kwa vidole, kisha huweka sikio. Kule Elburgon mathe mmoja alimtazama wee, mwishowe akamuuliza kama ukuta una homa. Masinde akamjibu kuwa ni baridi tu ya Mau, akaendelea kugonga.

Ningeweza kujaza ukurasa kwa visa kama hivyo, lakini mwenyewe amekataa. Ameniambia nisipoandika habari ya nyumba ya Bondeni, haji kwenye sherehe. Haya basi.

Mwaka wa 2007 alikagua nyumba ya marehemu babu yake Bi. Rumaisa Jalal. Bi. Rumaisa alitaka ibaki. Ami zake walitaka kuuza kiwanja. Nyumba ilikuwa imara, ila paa lilikuwa limeoza. Masinde akaandika: "Nyumba ya mawe, paa la mabati, mbovu." Alimaanisha mabati. Mabati mbovu! Sisi wa bara tunaongea hivyo kutwa kucha na hakuna anayeumia. Lakini kwenye karatasi mabati huwa mabovu. Iliyo mbovu ni nyumba. Ndivyo ilivyosomwa, ndivyo ilivyopigwa chapa, na nyumba ikaachwa nje ya Daftari. Kabla ya mwezi kwisha tingatinga lilikuwa limemaliza kazi yake.

Aliyepiga chapa ni mimi, Achola. Masinde alikuwa meza ya pili kutoka kwangu na ningeweza kumuuliza. Sikumuuliza. Miaka yote hii hajawahi kulitaja jina langu.

Tangu siku hiyo hakuna fomu iliyotoka afisini kabla hajaisoma kwa sauti. Ukiandika sifa bila kusema ni ya kitu gani, unarudishiwa karatasi. Vijana wakamwita Mzee Ngeli. Walidhani anapenda sarufi.

Bi. Rumaisa alihamia nyumba ya shangazi yake, ng'ambo ya barabara ile ile. Aliirithi pamoja na binamu zake, na mwaka huu wameanza kuleta wanunuzi. Nayo haikuwa kwenye Daftari, kwa sababu bila ukaguzi wa ndani haingii, na Bi. Rumaisa hakutaka kumwona Masinde mlangoni. Kila mwaka alikwenda, kila mwaka akafukuzwa. Hadi leo hajapatikana wa kushika nafasi yake. Angestaafu kabla ya kuikagua, nyumba ingekwenda.

Mwezi wa nne alikwenda tena, safari hii na fomu ya 2007 mkononi. Hakuomba kuingia. Alimwonyesha ule mstari, akamwambia kosa lilikuwa lake na amechelewa miaka kumi na tisa kulisema. Bi. Rumaisa alisoma, akarudia kusoma. Muda wote huo aliamini Masinde alihongwa na ami zake. Kumbe ilikosekana herufi moja! Alilia, na Masinde akalia, hapo hapo mlangoni, watu wakipita.

Kisha akamfungulia. Ukaguzi ulichukua siku tatu, kwa sababu Bi. Rumaisa alivaa miwani na kukagua kila sentensi kabla haijakauka wino. Masinde anasema hajawahi kusimamiwa hivyo na bosi yeyote, wala kunywa chai nyingi kiasi hicho.

Jana alasiri kamati ilikubali. Nyumba imeingia kwenye Daftari, na binamu watafute kiwanja kingine. Tulimwalika Bi. Rumaisa leo, akajibu kuwa atakuja, na kwamba zawadi ya Masinde asikabidhi mtu mwingine ila yeye.

Masinde, asante kwa kila ukuta uliousikiliza. Nenda ukapumzike, na siku zako za mbele ziwe za afya na raha. Nawe Bi. Rumaisa, unaposoma ukurasa huu hapa kwenye sherehe, sasa unajua kwamba Masinde hakukosea peke yake. Mimi ndiye niliyeketi nyuma yako, mwenye kitambaa cha kijani. Nisamehe.