Wakili Aliyemwita Dada Yake Shahidi

Marehemu kaka yetu, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mama mpika sabuni aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Povu, akafuatiwa na dada mmoja tu, ambaye mjane amemwomba asome historia hii, naye akakubali kwa sharti kwamba ataisoma yote.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976 akiwa wa kwanza darasani, mwaka ambao dada yake aliachishwa masomo akamsaidie mama kwenye masufuria, na Novemba 1981 akahitimu shahada ya sheria.

Aliajiriwa katika ofisi ya usajili wa alama za biashara, chumba kisicho na dirisha, akilinganisha nembo kwa nembo hadi jicho likawa kali, akawa anageuza kopo dukani na kusema hii wameiba, na mwaka 1989 akafungua ofisi yake ya uwakili, akawatetea watunzi wa nyimbo na mafundi wa majiko walioibiwa kazi zao, na kwa hilo hatumnyimi haki yake, alikuwa hodari.

Alifunga ndoa tarehe 7 Julai 1990 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, ambao shangazi yao anawapenda na hawana kosa lolote.

Mama alipofariki, dada aliendelea kupika sabuni ya Mama Povu, akamwuliza kaka kama jina lisajiliwe, akajibiwa, "Jina la mama nani atalichukua? Usijisumbue," na mwaka 2011 jina hilo likasajiliwa na kampuni kubwa ya sabuni, wakili wake akiwa kaka huyo huyo, ambaye, dada alipokwenda kupinga usajili huo, alisimama mahakamani, akamtazama dada yake usoni na kusema, "Shahidi, una ushahidi gani kwamba jina hili ni la mama yako?"

Dada akamjibu, "Kaka, si wewe ulikuwa unaogeshwa kwa sabuni hiyo?" naye akamwomba hakimu jibu hilo lifutwe, likafutwa, akashinda kesi.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua, na alipolazwa dada alikuwa akienda kumgeuza kitandani na kumlisha uji, akingoja neno moja tu, lakini kaka alizungumzia mvua, akazungumzia mpira, hadi alipokata kauli, akafariki asubuhi ya tarehe 2 Mei 2023.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia na kukesha nasi, pamoja na mawakili wenzake, walioomba sehemu ya kesi irukwe, na ambao sasa wameisikia.

Kaka, lala kwa amani, sisi ya kwetu tutaitafuta bila wewe.