Gari-Nyumba Lashuka Mlima

Mbele ya gereji, kona ya mtaa, kuna benchi refu lisiloishiwa ubishi. Asubuhi hiyo mzee Tela, dereva mstaafu wa malori, alikuwa amelikalia upande upande kama mtu aliyekalia mwiba. Binti yake, daktari wa meno wa vijijini, alikuwa njiani kurudi na gari-nyumba lake. Humo hulala, humo hung'oa meno, na nyuma hufunga gari dogo la kumpitisha kwenye vinjia vyembamba. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuushuka mlima akilivuta hilo dogo, na tangu alfajiri simu yake haipatikani.

— Gari la kuvutwa, mteremkoni linakusukuma, alisema Spana, fundi wa gereji. Breki zinachemka mpaka zinanuka. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba kimeingiaje? aliuliza Wembe, kinyozi. Lile linadeka tu. Likizoea kuvutwa, halitaki tena kwenda lenyewe. Mtoto umleavyo!

— Hujui kitu wewe. Likianza kuyumba, linataka kulipita la mbele. Kuna moja lilimpita mwenyewe, likatangulia nyumbani.

— Bila dereva?

— Na likajiegesha vizuri!

Benchi likaangua kicheko. Tela hakucheka. Alikuwa amemfundisha binti mambo matatu: gia ndogo kabla ya mteremko, kona uzipanue, na usirudi nyuma ukiwa umefunga gari, chuma cha kuunganishia kitapinda. Ila alimfundisha kwa ukali, na mtoto aliitikia tu ndiyo, ndiyo. Alisikia kweli?

Mara honi ikalia. Gari-nyumba likakata kona kwa upana, gari dogo likifuata kwa adabu, likasimama uso kwa uso na lori la mchanga lililoziba njia.

Benchi zima likainuka.

— Rudi nyuma, dada! Rudi! alipaza Spana.

— Kata kulia! Siyo, kushoto! alidakia Wembe.

Tela alisogea mpaka ukingoni mwa barabara, macho kwenye gari dogo.

Binti hakumsikiliza mtu. Alishuka, akachomoa pini iliyoyafunga magari, akaliondoa gari dogo na kuliegesha pembeni. Kisha akairudisha nyumba taratibu, akapisha lori.

— Shikamoo, Baba. Simu ilizimika huko mlimani.

— Marahaba, mwanangu. Na breki?

— Hazikuchemka hata kidogo. Nilishuka na gia ya pili, madereva wa nyuma wakinipigia honi za matusi.

— Waache wapige, alisema Tela, na pumzi aliyoishusha ikasikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Msaidizi wa binti, mama mmoja mwenye mkoba wa dawa, akachungulia mlangoni mwa gari-nyumba.

— Samahani, ninyi mliokuwa mnaelekeza, nani amewahi kuliendesha hili?

Spana akaanza kukagua kucha zake. Wembe akafunua birika la kahawa lililokuwa kando ya benchi, akachungulia ndani kama anayechungulia kisima.

— Imeisha, alisema.

Tela, miaka thelathini juu ya malori na hajawahi kuendesha nyumba hata moja, alicheka mpaka akajishika mbavu.