Benchi Lililohamia Juani

Miaka nenda miaka rudi, benchi la kahawa pale Wete lilikaa kivulini, limeegemea ukuta wa gereji ya Ridha. Leo lilikuwa ng'ambo ya njia, juani, mguu mmoja juu ya jamvi la karafuu. Ridha aliliona, akajifanya hakuliona. Alikuwa amemaliza kufunga mabomba ya upepo kutoka kwenye kompresa, mashine ya kusukuma upepo, hadi chumba cha rangi: mabomba ya plastiki, yale meupe ya maji, yaliyopita ukutani kwa nje, kisha ndani juu ya kichwa chake mwenyewe. Gari la Nadeem, bwana harusi, lilisubiri rangi na harusi ilikuwa Ijumaa. Kilichobaki ni kubonyeza swichi. Kidole kikawa kizito, akavuka njia hadi benchini kutafuta mtu wa kumtia moyo.

— Bonyeza! alisema Khatib, aliyeitwa Mkurugenzi ingawa hajawahi kuongoza hata mbuzi. Bomba labeba maji, litashindwaje na upepo? Upepo una uzito gani?

— Lakini limeandikwa ni la maji tu, Mkurugenzi.

— Kwani upepo wajua kusoma?

Hamdan, ambaye kwa kujua habari za dunia nzima walimwita Satelaiti, alipuliza kikombe chake.

— Tena upepo wa Pemba una unyevu, sheikh. Nusu yake maji. Bomba halitagundua kitu.

— Fundi mmoja wa Chake kanambia plastiki ikipata joto na mafuta ya kompresa inakakamaa, alisema Ridha. Halafu haivuji. Inapasuka kama gilasi, vipande vinaruka.

— Huyo auza mabomba ya chuma, atasema nini? alisema Hamdan. Plastiki yataka kuzoeshwa tu. Leo upepo kidogo, kesho waongeza. Baada ya mwezi labeba kimbunga.

— Mwezi! Harusi Ijumaa, Satelaiti!

— Basi lizungushie chandarua, alisema Khatib. Mbu hapiti, kipande kitapitaje?

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ridha naye alicheka, lakini mkono ulikuwa utosini, unapapasa.

Hapo akafika Bi Mwanamize, kaja kugeuza karafuu zake.

— Asalamu alaykum. Nani kapandisha benchi kwenye jamvi langu?

— Waalaykumu salaam, Bi. Twakulindia karafuu na kuku, alijibu Khatib.

— Kuku wote wamelala kule kivulini. Nyie mmekimbia nini?

Khatib akachungulia kikombe, kitupu. Hamdan akatazama mbinguni, akakuta mbingu haina habari. Ridha akatazama ukuta wake. Chini ya bomba jeupe, mchangani, alama za miguu minne ya benchi zilikuwa bado mbichi.

— Mmelihamisha lini? aliuliza Ridha.

Khatib akaanza kukusanya vikombe.

Ridha akavuka njia, akachomoa waya wa kompresa, akatoka kashika msumeno. Alipokata kipande cha kwanza, benchi lilikuwa tayari mabegani mwa Khatib na Hamdan, linarudi kivulini.

— Kata taratibu, Ridha, alisema Satelaiti. Bomba zuri hilo. Litafaa maji.