Niliimba na Bomba Mgongoni

Walio nyuma, nawaomba msogee. Viti vya mbele haviumi. Sauti niliyobaki nayo ndiyo hii mnayoisikia, na kipaza sauti nacho kimegoma, kwa hiyo njooni karibu, wazee wangu, mama zangu. Amani iwe juu yenu nyote mliofika kabla hatujaanza kupulizia mikorosho.

Mnanifahamu. Wengine mmecheza roki yangu tangu mkiwa na nywele kichwani. Leo sikuja kuimba. Nimeombwa nieleze nilivyoogopa, na kweli niliogopa, mpaka kumeza mate nikawa naogopa.

Vijana huniuliza roki niliitoa wapi, mimi mtu wa Naipingo. Dereva mmoja wa lori alisahau kanda yake dukani kwa mjomba, pale Nachingwea mjini. Ilikuwa na magitaa ya umeme yanayokoroma, na mzungu analia kama kaibiwa mbuzi. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti ile niliijua. Mama yangu alikuwa nayo hiyohiyo, ya kukwaruza, akitwanga muhogo mkavu huku anaimba kwa Kimwera. Basi nikachukua nyimbo za kinu za mama, nikazitilia gitaa. Watu walicheka, kisha wakacheza.

Lakini aliyenifundisha kupaza sauti ni bomba. Bomba lile la injini tunalobeba mgongoni kupulizia mikorosho unga wa salfa. Mnajua lilivyo, ukiliwasha hata ukiitwa na mkeo husikii. Mimi nilikuta linavuma sauti ileile ya gitaa la kwenye kanda, nikawa nafanya mazoezi humohumo shambani. Linanguruma, nami nanguruma juu yake, mdomo wazi. Vumbi la njano linaingia, natema, naendelea. Nilifanya hivyo kila msimu na nikajiona fundi. Wenzangu walikuwa wakisema, "Huyo akinyamaza ujue petroli imekwisha."

Msimu mmoja sauti ikaanza kukwama. Nikasema mafua hayo. Nikanywa tangawizi, nikalamba asali, nikatafuna karafuu. Ikarudi kidogo, ikaondoka tena. Kisha bendi yetu ikaitwa kwenye harusi kule Ruangwa, mchana kweupe, watu wamejaa uwanjani. Gitaa likaanza. Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, nawaambia, ulitoka upepo! Mpiga gitaa akadhani natania, akarudia. Nikafungua tena. Upepo. Bibi harusi ananitazama. Nikashika spika nisianguke. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mzee kaisha!" Watu wakacheka, na mimi nikajifanya nacheka, jasho linanitiririka mgongoni.

Tangu siku ile hofu ikahamia kwangu. Katika kijiji cha jirani alikuwako mtu aliyeanza hivyohivyo, koo kukwaruza, na nilikuwa miongoni mwa waliombeba kwenda kumzika. Nikawa najipapasa shingo kutwa nzima. Kila kilichokuwa kigumu nilisema ndicho chenyewe. Wapo walionong'ona kwamba nimerogwa na bendi pinzani, na niseme ukweli, nilitamani iwe hivyo. Uchawi una mganga. Ule ugonjwa niliokuwa naufikiria, hata jina lake sikutaka kulitaja.

Mke wangu alikuwa akiniambia, "Twende hospitali." Nami namwonyesha kwa mkono, kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Nilijiambia kwamba daktari asiponiangalia, hana la kuniambia. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Sasa, nina binamu yangu, mtoto wa mjomba. Amekaa pale. Msimwangalie, atavimba kichwa. Binamu kwetu ni mtani, na mtani msibani hana adabu, mnawajua. Tulikuwa Marambo kwenye arobaini ya shangazi, nimekaa mkekani kimya. Akanijia mbele za watu, akanivua kofia yangu ya ngozi, hiihii, ambayo sijawahi kupanda jukwaani bila kuivaa. Akaivaa yeye.

"Jogoo wa Naipingo kanyamaza! Nani kammeza?"

Watu hoi kwa kicheko. Nikanyoosha mkono anirudishie, akarudi nyuma.

"Kofia nimeiteka," akasema. "Wenzio hukomboa kwa kuku. Mimi kuku wako simtaki. Nataka karatasi ya daktari."

Nikamkazia macho.

"Unaogopa kufa," akasema, na sasa hacheki. "Sema basi. Unataka nije nikutanie kaburini?"

Angekuwa mtu mwingine ningeondoka pale nisirudi. Lakini mtani hakasirikiwi, na kitu kilichotekwa hakinyang'anywi, hukombolewa. Nikabaki kichwa wazi mbele ya wakwe na wazee, machozi yakanitoka. Ile hofu niliyokuwa naificha kila mtu alikuwa ameshaiona. Wiki ileile mke wangu akanipeleka hospitali kubwa, mbali na huku kwetu.

Wakanipitishia puani kimpira chenye taa. Daktari, binti wa makamo ya mwanangu, akauliza nafanya kazi gani. Mke wangu akajibu kwamba naimba, na kwamba tunalima korosho.

"Akipulizia hufunga pua na mdomo?"

Nikajikaza kwa kile kisauti cha upepo. "Sasa nitaimbaje?"

Akaacha kuandika. "Baba, unaimba ukiwa unapulizia?"

Mke wangu akaangua kicheko, na palepale akaanza kulia.

Kulikuwa na kinyama kwenye nyuzi za sauti. Makelele yangu yalikiotesha, vumbi likazidi kukichokoza, ndivyo alivyonieleza. Wakakitoa, wakakipeleka kupimwa. Jamani, kusubiri majibu kule! Mlango ukifunguliwa, nasimama. Nilisoma moyoni kila sura ya Kurani niliyoijua, nikikosea naanza upya. Majibu yalipofika, daktari alisema maneno mengi, sikusikia hata moja. Nilikuwa namtazama mke wangu usoni. Akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi." Ndipo nikajua nitaishi.

Nikakatazwa kusema kwa muda mrefu. Nikajiandalia wimbo mzito wa siku ya ruhusa. Siku ilipofika, wimbo wote ukanipotea, nikaita tu, "Mama watoto." Akadondosha sufuria.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, daktari yule, na wenzangu wa bendi walioniwekea nafasi yangu jukwaani. Na wewe binamu, mwizi wa kofia uliyeirudisha ulipoiona karatasi ya daktari, asante. Ulinitukana vizuri.

Ndugu zangu, keshokutwa mnawasha mabomba. Fungeni pua na mdomo sawasawa. Atakayejisikia kuimba aimbe akishatoka shambani. Na koo likikwama siku nyingi, usijifariji na tangawizi kama mimi. Nenda ukaangaliwe, hata ukienda unatetemeka. Mimi nilikwenda natetemeka.

Naimba bado, lakini kwa chini, kama mama alivyokuwa akiimba mkono umeshachoka na mchi. Na hofu sijaimaliza. Kila nikiamka nakaa kwanza kitandani, naogopa kufungua mdomo. Mke wangu naye anasubiri. Kisha najaribu, taratibu, "Aaa."

Leo asubuhi ilitoka. Ndiyo maana mmeniona hapa.