Kalpana Mosha na Majina ya Namba za Kale

Marehemu Kalpana alizaliwa Moshi, Tanganyika, tarehe 14 Machi 1948, binti wa pili wa mwenye duka la vitambaa. Kwao walikuwa Wahindi wa Gujarati, wa dini ya Kijaini. Alisoma hapo Moshi mpaka kidato cha nne, kisha akakaa dukani kupima vitambaa.

Dukani ndipo mimi, Anselm, mpakiaji wa magunia ya kahawa, nilipomjua. Tulifunga ndoa bomani tarehe 3 Juni 1972. Ndugu zake hawakuja. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na watoto wakatujibu Kiingereza.

Tulihamia Landani mwaka 1975, tukakaa Hayes. Alikuwa karani wa ghala karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow miaka ishirini na sita. Jioni alisomea lugha za kale za Wahindi, akapata digrii mwaka 1991. Alichopenda hasa ni majina ya namba. Alieleza jinsi sapta ya Kisanskriti, yaani saba, ilivyokuwa satta katika Kiprakriti, lugha ya mitaani ya zamani zile, na ashta, yaani nane, ikawa attha, kwa kuwa watu wa kawaida walilainisha maneno midomoni mwao. Mimi sikusoma. Nikamwambia basi hata saba yetu ni ndugu yao. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Hiyo ni ya Waarabu, Baba Tejal."

Lakini alinifundisha namba zote za Kiprakriti mpaka kumi, mimi nikiosha vyombo.

Tarehe 2 Desemba 2023 alipata kiharusi. Kiswahili, Kigujarati na Kiingereza vyote vikamtoka. Hospitali walitaka kumpeleka nyumba ya wazee, wakidhani akili imeondoka. Dada Miradie, mtaalamu wa matamshi, alimwonyesha vidole ahesabu. Akasema ekka, do, tinni, chattari. Miradie akaandika kwamba maneno hayana maana.

Nikamwambia, "Dada, anahesabu. Hapo amefika nne."

Kalpana akaendelea, akakwama baada ya attha, akanitazama. Nikasema nava, tisa. Akamalizia dasa, machozi yakimtoka. Miradie akafuta alichoandika, akaandika kwamba akili yake ipo.

Januari akarudi nyumbani. Maneno machache yalimrudia, jina langu likiwamo. Alifariki kitandani kwake asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka sabini na sita. Nilikuwa nimemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Tejal na Ulrich, mjukuu Haika, na dada yake Bharti. Tulipewa miezi kumi na tatu zaidi. Haikutosha, lakini nashukuru.

Mama Tejal apumzike sasa, na amani iwe kwake.