Mzee Dirisha na Kura ya Kipa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa tanuri wa kiwanda chetu cha mikate anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Humu tutamwita Mzee Dirisha, kama tulivyozoea, kwa sababu dirisha la usajili wa wachezaji wa soka likishafunguliwa, hana habari na jambo lingine lolote.

Alianza kwa kubeba magunia ya unga, akahamia kwenye kukanda, kisha akapewa tanuri na hakubanduka hapo tena. Waoka mikate karibu wote wa zamu ya asubuhi wamepita mikononi mwake, na karibu wote wanashabikia timu yake. Kama hilo lilikuwa sharti la ajira, sisi hatujui.

Doa moja lipo. Mwaka ule timu ilipomnasa mshambuliaji iliyemwinda kwa muda mrefu, Mzee Dirisha aliacha tanuri akaenda kumtambia mtunza stoo, shabiki mwenzake na hasimu wake wa kila siku. Wakabishana kama jamaa yule ana magoti mazima. Aliporudi tanurini, mikate ilikuwa makaa. Mshambuliaji mwenyewe alifunga bao moja tu msimu mzima, tena la kujifunga.

Tangu hapo ubishi wa usajili ukahamishiwa saa ya chai, na kwa kura. Anatajwa mchezaji, tunanyoosha mikono: abaki au aende. Mzee Dirisha hakuwa na huruma. Aliyevuka miaka thelathini na tatu, kwake ni asante na kwaheri. Mtunza stoo alimwita mchinjaji, naye akawa anacheka tu.

Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Mkewe anasimulia kwamba aliwahi kuuza kochi kuukuu akidai limeshuka kiwango. Mama mkwe alipokuja akauliza kiti chake kiko wapi, na mkwe mtu akalazimika kulifuata kochi kwa mnunuzi na kulirudisha mwenyewe kwa mkokoteni.

Basi mwezi huu lilipotajwa jina la kipa wetu, mtu mzima ambaye siku hizi anaruka kwa nia tu, tulijua hukumu itakuwa nini. Mzee Dirisha akaweka kikombe chini. Akasema kipa aongezewe msimu mmoja, hata wa kukaa benchi, maana anajua mambo ambayo vijana hawajafikiria kumuuliza. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba asubuhi ya Jumatatu inamtisha.

Hakuna aliyeuliza ni Jumatatu ya nani. Mtunza stoo alinyoosha mkono wa kwanza, na wengine wote tukafuata, hata dada wa mauzo, ambaye ni shabiki wa wapinzani.

Klabu haikutuuliza. Kipa ameachwa, na ofisi yetu nayo ina kanuni zake za kustaafu.

Mzee Dirisha, asante kwa mikate, kwa wanafunzi uliotuachia na kwa kelele. Wewe na mama watoto tunawaombea afya, usingizi wa kutosha na kochi la kudumu. Jana ulipokuwa tanurini tulipiga kura nyingine, na mtunza stoo ndiye aliyeiitisha: kwenye kiti chako cha karibu na sinki hatusajili mtu. Chai ni saa nne, hata Jumatatu.